Siku Mwamvita Alipolala Jenezani

Mwamvita binti Shomari aliachwa na mumewe kwa sababu ya mkoromo, na mkoromo wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa mama mkwe. Ulikuwa mkoromo wa aina yake: unaanza chini kwa chini, unapanda, unakwama kooni kama unafikiria jambo, halafu unatokea puani kwa filimbi. Mwamvita, bibi harusi wa juzi tu, aliuigiza mbele ya mawifi wakiwa kinuni, na mawifi wakacheka mpaka mmoja akadondosha mchi mguuni kwake. Kwa bahati mbaya mwenye mkoromo alikuwa nyuma ya ua anachambua kisamvu. Haukupita muda, Mwamvita akaonekana njiani anarudi kwao karibu na Soga, mkeka kichwani, kuku mmoja wa kufutia machozi kwapani, na njia nzima anasema kwa sauti ya mkwewe, "Mimi nakoroma? Mimi?"

Kuku yule alifika akiwa mzima. Machozi hayakuwepo.

Wako watu waliojaliwa sauti tamu ya kuimba. Mwamvita alijaliwa sauti za watu wengine. Akikutana nawe mara moja kisimani, jioni yake ungeweza kusikia uko kwa jirani unaomba chumvi, na kumbe umelala kwako. Alisuka mikeka ya ukili na kuiuza stesheni ya Soga, treni ikisimama, na siku moja aliwapandisha abiria mabehewani kabla ya wakati kwa sauti ya bwana stesheni, kisa tu bwana stesheni alimwambia mkeka wake umepinda. Treni haikuondoka, lakini abiria walikaa ndani wanaiva kwa joto, na bwana stesheni akazunguka uwanja mzima anamtafuta bwana stesheni. Hiyo ilikuwa miaka ya Mwingereza, michache kabla ya vita vya Hitla, na ukinisikia nasema kwamba watu walikuwa wanacheka sana miaka ile, usidhani maisha yalikuwa mepesi. Walicheka kwa sababu kulia kulikuwa hakumwongezei mtu chochote.

Alikaa kwa kaka yake wa tumbo moja, Mwishehe, na wifi yake Swaumu. Mwishehe alikuwa mtu mkubwa wa mwili na mpole wa ulimi. Swali la asubuhi alikuwa anaweza kukujibu mchana, na jibu likawa zuri. Mwamvita alimpenda kaka huyu kuliko vitu vyote duniani. Alipoachwa, ndugu wengine walikaa kikao kutafuta kosa ni la nani. Mwishehe yeye alikwenda kukata miti ya kumjengea chumba.

Mtu mwingine aliyempenda alikuwa Bibi Mwanamkuu, mkongwe aliyekuwa kungwi wake alipowekwa ndani mwali. Huyu bibi alikuwa mtani wake vilevile. Ukoo wa Mwamvita na ukoo wa Bibi Mwanamkuu walitaniana tangu zamani za mababu, na chanzo cha utani huo hakuna anayekijua vizuri. Wengine wanasema ni vita, wengine wanasema ni njaa, na Mwamvita alisema babu yake aliwanunua wote kwa pishi moja ya mtama, akapunjwa. Basi kila mmoja alimwita mwenzake mtumwa wake. Mtani akiingia kwako akabeba kuku, umebebewa. Akikutukana mbele ya mkweo, cheka. Na ukifiwa, yeye ndiye anayekuzikia: watani wanaume wanachimba kaburi, watani wanawake wanaosha maiti ya mwanamke, na wote wanakufanyia vituko msibani mpaka ucheke na kamasi zinakutoka. Kumkasirikia mtani msibani ni aibu ambayo haifutiki.

"Shikamoo, mtumwa wangu," Mwamvita alikuwa anasema akiingia kwa bibi.

"Marahaba, kipande cha mtumwa. Umeniletea ugoro, au umeleta mdomo mtupu?"

Analeta ugoro. Bibi Mwanamkuu anavuta, anapiga chafya tatu, kila moja ndogo kuliko mwenzake, halafu anasema "Ahaa," kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokuwa amekipoteza. Mwamvita alizifahamu chafya zile moja moja.

Sasa, bibi huyu mzuri alimzaa Mwinyimadi, na Mwinyimadi ndiye aliyekuwa wakili. Wakili alikuwa mtu wa serikali juu ya majumbe wote wa upande ule. Alivaa kanzu, juu yake koti jeusi la sufu, jua liwe kali namna gani, akawa anatiririka jasho kwa ajili ya heshima. Alikuwa na baiskeli. Kuipanda alijua, kuisimamisha hakujua, kwa hiyo popote alipokuwa anakwenda alitanguliwa na tarishi wake, Raphaeli, mtu wa misheni mwenye masharubu, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuidaka baiskeli ya wakili inapofika.

Hayo ya baiskeli watu walimsamehe. Ya shamba hawakumsamehe. Serikali ilitoa amri kila kaya ilime mihogo yake, isije njaa. Amri ilipopita mdomoni mwa Mwinyimadi ikaongezeka mkia: Jumatatu na Alhamisi kila mtu aache la kwake aende akalime "shamba la serikali" kule bondeni. Ngoma ikilia, twende. Asiyekwenda, bakora. Watu wakalima. Mihogo ikakua, ikang'olewa, ikamenywa, ikaanikwa ikawa makopa, makopa yakaingia ghalani kwa wakili, na kutoka ghalani yakaelekea mjini kwa magunia. Huko kwenye kaya magugu yalimeza mashamba ya watu wenyewe, kwa sababu mwenye shamba yuko bondeni ameinama. Kila mtu alijua shamba lile ni la nani. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kusema mbele ya tarishi ni kitu kingine.

Jumatatu moja Mwishehe alifika bondeni, akaweka jembe chini, akakaa juu ya mpini. Raphaeli akamuuliza ana nini. Mwishehe akafikiri. Jua likapanda kidogo. Mwishowe akasema, "Nimechoka kumlimia mtu asiyesema asante."

Wenzake wa ukoo wakatazamana, wakaweka majembe, nao wakakaa.

Mwinyimadi alikuja mbio na baiskeli, Raphaeli akaidaka, na kabla ya adhuhuri wanaume wote wa ukoo ule walikuwa wamefungiwa ndani ya ghala la makopa, kwa kuwa selo hakuwa nayo. Alhamisi, wakasomewa, treni ya mchana itawachukua Soga kwenda jela ya Dar es Salaam, na kutoka huko wakavunje mawe miezi sita.

Mwamvita alikwenda barazani kumwombea kaka yake. Alikwenda amejifunga vizuri, amejizuia asiigize mtu yeyote, jambo lililomtoa jasho. Alipiga magoti. "Mtani wangu, nifanyie hisani. Mwishehe hana kosa la kuvunjishwa mawe. Mapafu yake si mazima, kila kipupwe anakohoa. Vumbi la mawe litamuua."

"Hapa hakuna mtani," akasema Mwinyimadi. "Hapa pana wakili. Kama una ujuzi sana, nenda kamwigize bwana shauri, Mzungu wa boma, ujiandikie amri ya kuwafungua."

Wapambe wakacheka. Ni kicheko pekee maishani mwake ambacho Mwamvita hakukipenda. Akatoka pale magoti yana mchanga, moyo unamwaka, akaenda moja kwa moja kwa Bibi Mwanamkuu, ambaye wiki ile alikuwa amelala kitandani na pumzi zinakuja kwa taabu. Bibi akatuma mtu kumwita mwanawe. Jibu likarudi kwamba wakili ana kazi za serikali.

"Ameshakuwa mkubwa," bibi akasema. "Zamani nikimwita hata akiwa juu ya mnazi anaitika. Sasa hasikii. Labda nikifa." Halafu akacheka, mzee yule, akacheka mpaka pumzi ikamkatikia, Mwamvita akabaki anamkanda mgongo na hajui acheke au amkaripie.

Alhamisi alfajiri Bibi Mwanamkuu akafa.

Kilio kilipopigwa Mwamvita alikuwa wa kwanza kufika, na alilia kwa sauti yake mwenyewe, ambayo watu wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. Yeye na Swaumu na wanawake wengine wa ukoo wao wa watani ndio waliomwosha. Walimwosha taratibu, wakimsimulia habari kama anasikia, wakamvika sanda, wakamtia manukato. Mikono ya bibi ilikuwa imebaki midogo kama ya mtoto. Kama ni Mwamvita kuchagua, wangemlaza kaburini hapo hapo asubuhi, kwenye kivuli, bila ya maneno.

Lakini nje uani lilikuwa limeanza tatizo, na tatizo lenyewe lilikuwa zuri mno. Kaburi halijachimbwa.

"Nani anachimba?" akauliza Mwalimu Kitwana wa msikitini, mtu mwembamba aliyependa kila jambo liende kwa saa yake.

"Watani," watu wakajibu.

"Wako wapi?"

Hapo kila mtu akageuka taratibu kuelekea upande wa ghala la makopa. Hata kuku nadhani waligeuka. Mwinyimadi, mtu mzima, mtoto wa mjini kwa koti lake, mwenye mama mgonjwa ndani ya nyumba, alikuwa amewatia ndani wazishi wake wote, mmoja baada ya mwingine, akasahau kubakiza hata wa akiba. Mzungu asingeweza kufanya kosa lile, maana Mzungu hana watani. Ilihitaji Mzaramo aliyejisahau.

Swaumu alijiziba mdomo kwa kanga. Mabega yakaanza kumtikisika. Na mtikisiko ule ulitembea ua mzima, mtu hadi mtu, kimya kimya, kwa sababu bado ni msiba.

Mwinyimadi akaamuru majirani wachimbe. Majirani wakasema wao si watani, wakigusa kaburi lile migongo yao itapinda. Akamwamuru Raphaeli. Raphaeli akachukua jembe, akaenda, akapiga majembe mawili matatu. Akaja ajuza mmoja akasimama karibu, akawa anamtazama mgongo tu. Raphaeli akajishika kiuno, akalirudisha jembe. Alisema misheni haikumfundisha jambo hilo.

Basi Mwinyimadi akatoa kauli kwamba wafungwa wawili watolewe, wachimbe chini ya ulinzi, wakimaliza warudishwe ghalani, wangoje treni. Akaona amemaliza. Akaagiza jeneza la msikitini liletwe uani.

Mwamvita alisikia yale akiwa ndani. Alimtazama bibi katika sanda yake. Wawili watolewe, wachimbe, warudishwe. Kaka yake amzike bibi kisha akafe kwa vumbi la mawe. Alihisi kitu kinampanda kutoka tumboni, na alidhani ni kilio. Kilipofika kooni akagundua ni kicheko. Akavua kanga zake. Akachukua zile za marehemu zilizotundikwa mlangoni, akajitanda ushungi kama bibi alivyojitanda, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Akachukua kikopo cha ugoro. Akatoka nje ameinama, mkono kiunoni, anatembea kwa hatua za bibi za kukwepa vifaranga ambavyo havipo.

Akalizunguka jeneza, akalibonyeza kwa kidole kama mtu anayenunua kitanda. Akapanda juu yake. Akajinyoosha, akajifunika mpaka kidevuni, akafumba macho.

"Nibebeni," akasema. "Mtu mwenyewe ndiye mimi."

Ule mtikisiko uliokuwa unatembea kimya ukapasuka. Watu walicheka wakaangukiana. Mpishi wa msiba aliachia upawa ukazama chunguni. Jumbe mmoja mzee aliinuka kwenda kuchekea nyuma ya nyumba, akakuta pamejaa.

"Mwamvita!" akasema Mwalimu Kitwana. "Maiti haicheleweshwi. Sheria ya dini iko wazi."

"Mwalimu wangu, na mimi nina haraka. Nichimbieni basi."

Mwalimu akamgeukia wakili akatandaza mikono. "Sheria iko wazi," akarudia, "lakini huyu mimi simgusi. Huyu ni mtani."

Mwinyimadi akaja amefura ndani ya koti lake. "Ondoka hapo, mwanamke!"

Watu wote wakavuta pumzi kwa pamoja. Amemfokea mtani msibani! Mwinyimadi akalisikia neno lake lilivyoanguka, akajaribu kuliokota. Akatoa shilingi mfukoni, kama desturi inavyotaka, akaiweka jenezani. Mwamvita akafungua jicho moja, akaiona, akaipokea, akamrushia Swaumu. "Ya sabuni hiyo," akasema, akafumba tena. Mwinyimadi akaahidi mbuzi. Mwamvita akasema mbuzi hachimbi kaburi. Mwinyimadi akasema ataongeza doti moja ya kanga. Mwamvita akapiga mwayo mrefu wa kizee, ukaishia na mlio mdogo, na mdogo wake marehemu aliyekuwa anacheka akaanza ghafla kulia, kwa sababu mwayo ule ulikuwa wenyewe.

Jua lilikuwa linapanda. Na sasa nikwambie ukweli: Mwamvita pale juu hakuwa na raha. Alimwibia bibi yake saa zake za mwisho za kivuli, na kila walipocheka alijisemea moyoni, nisamehe, nisamehe. Ubao wa jeneza ulimchoma mgongoni. Alikuwa anaogopa wakili asije akakubali aibu, akaamuru abebwe na kutupwa nje, na treni ikafika. Hakuwa na lingine la kufanya zaidi ya lile alilojaliwa. Akafungua kikopo, akavuta ugoro.

Akapiga chafya. Ya pili, ndogo. Ya tatu, ndogo zaidi.

"Ahaa," akasema. Kisha, kwa sauti ile nyembamba iliyokwaruzika, bila kugeuza kichwa: "Madi."

Hakuna mtu duniani aliyemwita Mwinyimadi hivyo isipokuwa mmoja. Na mwili wa mtu una kumbukumbu yake, hauombi ruhusa kwa koti.

"Naam, mama," akasema wakili.

Kicheko kilianza upande wa jikoni, kisha kikasita, kwa sababu watu walimwona uso. Wala hakuwa amejua kwamba amejibu.

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Nani atanizika, Madi?"

"Watani, mama."

"Wako wapi?"

"Nimewafunga."

"Wameiba?"

"Hapana, mama. Wamekataa kulima."

"Kulima wapi?"

"Shambani."

"Shamba la nani, Madi?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Majumbe walikuwepo. Raphaeli alikuwepo. Watu wote waliopinda migongo Jumatatu na Alhamisi walikuwepo, wamesimama, na hakuna aliyekuwa anacheka tena. Mwinyimadi alifungua mdomo, na naamini neno "serikali" lilikuwa tayari kwenye ulimi, limezoea njia. Akautazama ushungi ule, upande mmoja mrefu, mwingine mfupi.

"Langu," akasema. "Langu, mama."

Hazikupigwa kelele. Ilisikika kama pumzi, ah, ya ua mzima, ya watu waliotua mzigo kwa wakati mmoja. Jambo walilolijua wote sasa lilikuwa limesemwa na mwenyewe, mchana, mbele ya maiti ya mamake. Halikuweza kurudi tena lilikotoka.

"Wafungue basi," akasema Mwamvita, na sauti ilimkatikia katikati, ikawa nusu ya bibi na nusu yake. Machozi yalikuwa yanamshuka kuelekea masikioni, na hakuyafuta, maana mikono ya maiti haifuti machozi. "Wote. Wasirudi."

Mwinyimadi akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa ufunguo, akamrushia Raphaeli. Raphaeli, aliyezoea kudaka vikubwa, aliudaka kwa mkono mmoja na kuanza kukimbia.

Walitoka ghalani na vumbi jeupe la makopa mpaka kwenye nyusi, wamenenepa kidogo, kwa sababu siku zote hizo walikuwa wanaila kesi yao. Mwishehe alipoambiwa yaliyotokea alisimama akafikiri. Kisha akauliza jembe liko wapi. Walichimba wote, kwa zamu, wakiimba, na upande wa Soga halijapata kuonekana kaburi jingine lililonyooka kama lile. Mwamvita alishuka jenezani, akarudi ndani, akasaidia kumlaza bibi yake pale alipokuwa amelala yeye, akamnong'oneza jambo ambalo hakumwambia mtu. Wanaume wakamchukua. Wanawake wakabaki nyumbani, kama desturi, na nusu yao walilia na nusu yao walikuwa bado wanapangusa machozi ya kucheka, na ilikuwa shida kujua nani ni nani.

Treni ilifika Soga saa yake. Wakashuka askari wawili kupokea wafungwa. Bwana stesheni akawaambia wafungwa wanazika. "Wanamzika nani?" Mama wa aliyewafunga. Askari wakaona habari hiyo ni ndefu na jua ni kali. Wakanywa madafu, wakapanda behewa wakarudi zao.

Watu walingoja Mwinyimadi alipize kisasi. Lakini alipize kwa kosa gani? Angemwendea bwana shauri kumwambia nini, kwamba alihojiwa na marehemu akakiri? Siku za matanga zikapita. Ikaingia Jumatatu, na asubuhi ngoma ya shamba ikalia bondeni. Mwinyimadi ndiye aliyeamuru ipigwe. Labda kiburi, labda mazoea, labda alitaka tu kujua.

Hakutoka mtu. Milango ilikuwa wazi, moshi unafuka, watu wako kwenye mashamba yao wenyewe wanafyeka. Ngoma ikalia tena.

Mwamvita akachukua jembe.

"Unakwenda kumlimia?" Mwishehe akauliza, na kwa mara ya kwanza aliuliza upesi.

"Nakwenda kumtembelea mtumwa wangu. Amefiwa, ati."

Alimkuta Mwinyimadi peke yake katikati ya magugu, na koti. Raphaeli alikuwa amekaa kando na ngoma yake, anachezea masharubu. Mwamvita hakusalimia. Alikunja kanga, akainama, akalima tuta moja, kutoka mwanzo mpaka mwisho, tuta safi. Akarudi akiwa anahema, akachomeka jembe mbele ya wakili.

"Hilo nimemlimia mama yako," akasema. "Yaliyobaki ni yako. Ulisema mwenyewe."

"Mwamvita, mimi ni wakili."

"Wakili wa nani?"

Mwinyimadi akatazama kulia, akatazama kushoto. Bonde lilikuwa tupu mpaka kwenye reli. Raphaeli akaikagua ngozi ya ngoma kwa makini sana. Wakili akasimama hivyo muda mrefu, na Mwamvita, ambaye angeweza kumwigiza akamaliza kila kitu kwa kicheko, alinyamaza, akamngoja. Mwishowe Mwinyimadi akavua koti. Chini yake kumbe alikuwa mwembamba. Akalitundika kwenye kichaka, akashika jembe.

Alilima vibaya sana. Mwamvita alikaa kwenye kivuli cha mkorosho, akatoa ukili wake akaanza kusuka, na kila baada ya muda akampigia kelele: "Inama! Hayo magugu unayabembeleza? Tuta hilo limepinda kama mkeka wangu machoni pa bwana stesheni!" Sauti yake ilifika mbali. Watu wakaanza kujitokeza pembeni mwa bonde, wawili watatu, kisha wengi, Swaumu akiwa na kikapu cha maembe kama anayekwenda kwenye ngoma. Wakakaa, wakala, wakatazama. Hakuna aliyebeba jembe. Kila Mwinyimadi alipomaliza kipande walimshangilia kwa vigelegele, na nilaaniwe mimi kama vigelegele vile vilikuwa dhihaka peke yake. Mara moja hata yeye mwenyewe alicheka, kidogo, akajizuia.

Jua lilipokuwa kichwani, viganja vimemtoka malengelenge, alisimama akajipangusa uso kwa kanzu.

"Mtumwa wangu," akamwita Mwamvita, kama mtani anavyomwita mtani, kwa mara ya kwanza tangu apewe uwakili. "Nipe maji."

Watu wote wakamtazama Mwamvita. Hakuinua macho kwenye ukili wake.

"Kisima kiko kule chini," akasema. "Nenda kachote."

Mwinyimadi akaegemeza jembe kwenye kisiki, akachukua kata ya kuchotea maji, akapita katikati ya watu, wakampisha, akashuka kisimani mwenyewe.